Hakuna Wimbo Kama Huo

Mwaka niliokosa nafasi ya chuo, baba aliniweka dukani. Ni duka la vifaa vya ujenzi, hapa mjini Sumbawanga, ambalo babu alilianza kwa kuuza misumari na kufuli tu. Asubuhi nilifungua, nikapanga ndoo za rangi mlangoni, nikakaa nyuma ya kaunta. Miezi ya kipupwe upepo wa huku unapenya mpaka kwenye mifupa. Nilivaa koti la baba juu ya baibui, mkono mmoja nikauficha mfukoni, mwingine nikauacha nje ushike simu. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha sita walikuwa Dodoma, Mbeya na Dar es Salaam. Walinitumia picha za mabweni yao kwa wiki chache, kisha wakaacha.

Ndipo nilipoingia kwenye grupu la mashabiki. Msanii wetu ni mwanamke wa bongo fleva. Sitamtaja, na sidhani kama anajua lolote kuhusu haya ninayoyasimulia. Tulimwita Dadetu, na sisi wenyewe tulijiita Wadogo. Tulikuwa wengi, kutoka Tanga, Mwanza, Mtwara, na kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa Omani akifanya kazi za ndani.

Mgeni angesoma mazungumzo yetu asingeambulia kitu. Mtu akiandika "kumekucha", hata kama ni saa tisa alasiri, maana yake Dadetu ametoa kitu kipya, acha unachofanya ukatazame. "Kupika" kulikuwa ni kuuacha wimbo ujirudie wenyewe kwenye simu, sauti umezima, ili namba zipande. Dada wa Omani alipika hivyo kwa simu mbili huku akipika kweli jikoni kwa mwajiri wake. Mashabiki wa msanii hasimu tuliwaita watu wa ng'ambo, na jina la msanii wao halikuandikwa. Ukiliandika, unanyamazishwa siku nzima.

Na kulikuwa na ufagio. Kiongozi akituma emoji ya ufagio na chini yake anwani ya ukurasa fulani, Wadogo wote tuliacha tulichokuwa tunakifanya tukashuka kwenye ukurasa huo. Tuliandika, tulitukana kwa mafumbo au bila mafumbo, tulitoa taarifa za uongo ili akaunti ifungwe. Mwenye ukurasa akifuta video au akifunga maoni, tulirudi kwenye grupu na kuandika "pamefagiliwa". Wakati ule sikuona ubaya. Watu wa ng'ambo nao walikuwa na ufagio wao, wakauita dawa ya mende.

Kiongozi wetu tulimwita Mkubwa. Alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam, sikuwahi kumwona uso, ila sauti yake ningeitambua popote. Hakupenda kuandika. Alituma voisi, akiongea taratibu kama mama anayesuka mtu nywele, na hata akikugombeza ulijisikia umepata bahati.

Siwezi kusema grupu lile lilikuwa baya tu. Baba alipolazwa kwa shinikizo la damu, nilikaa siku nne kwenye benchi la hospitali nikiwa na simu mkononi, na Wadogo walikaa nami. Walinitumia dua. Mama mmoja wa Mwanza, Mkristo, aliniombea kwa voisi ndefu hadi nikalia mbele za watu. Mkubwa mwenyewe alinipigia. Aliniambia, "Mdogo wangu, kula. Mgonjwa haponi kwa wewe kukaa na njaa." Katika marafiki zangu wote wa shule hakuna aliyekuwa amenipigia.

Kitu kimoja tu kilinichoma, na nilikificha. Kila nilipotaja ninakotoka, walianza. "Jamani huyu wa Sumbawanga asiudhike, atatutupia radi." "Dada, leo umekuja kwa basi au kwa ungo?" Watu wa huku tunayajua maneno hayo ya uchawi tangu utotoni, ukivuka tu Mbeya, unaulizwa. Nami niliamua kucheka kwanza kabla hawajanicheka. Nilikuwa naandika mwenyewe, "Nimeshatua, ungo nimeuegesha nje." Walifurahi sana. Baada ya miezi kadhaa Mkubwa akanifanya kiongozi wa mikoa ya huku, kamanda, kama tulivyoita, na akanipa ruhusa ya kutuma ufagio.

Baadaye Dadetu akatoa wimbo mpya. Sote tuliupika mpaka simu zikawa za moto. Siku ya pili nilikuwa uani nyumbani, nimeufungulia sauti, na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Mama yangu ni Mfipa wa Mollo, aliolewa na baba akasilimu, na Kifipa anakisema pale tu anapokwenda kwao au anapokuwa na hasira. Kiitikio kilipofika, mkono wake ukasimama juu ya maharage. Kilipoisha, yeye akaendelea. Aliimba mstari uliofuata kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemalizia sentensi ya mwenzake.

Nikauliza, "Mama, umeujulia wapi?"

"Huu? Huu ni wa kupepeta ulezi. Bibi yako alikuwa anauimba. Anamwambia mwenzake, ndege wamekula ulezi wetu, waache, nao wana watoto." Akatabasamu. "Kumbe na huko Dar wanaujua."

Nilifurahi. Nilikaa pale uani nikiona fahari ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwa kuwa mtu wa Ufipa. Nilitaka hata kuandika kwenye grupu, kisha nikakumbuka utani wa ungo, nikaacha.

Wiki tatu hivi zikapita. Alasiri moja Mkubwa akatuma video. Msichana wa rika langu alikuwa amesimama kwenye ua wa nyumba ya matofali ya kuchoma, tepu ya fundi cherehani imening'inia shingoni, anacheka. Alisema, "Jamani, huu wimbo bibi yangu anauimba tangu sijazaliwa. Msikilizeni." Akageuza simu. Kikongwe mmoja, kitambaa cheupe kichwani na rozari shingoni, alikuwa anapepeta ulezi kwa ungo na kuimba. Ulikuwa wimbo ule ule wa mama, na mstari ule ule baada ya kiitikio. Chini msichana alikuwa ameandika kwamba wako Mpui, Sumbawanga.

Video ilikuwa imeanza kusambaa, na watu wa ng'ambo walikuwa wameshaidaka. Walikuwa wanaandika kwamba Dadetu ni mwizi, kaiba wimbo wa bibi wa watu. Voisi ya Mkubwa ikaja, ikinitaja mimi kwa cheo changu. Alisema, "Kamanda wa huko juu, hii ni kwenu. Hebu tuambie, huo wimbo upo? Usitufiche, tujue tunajibuje."

Grupu lilinyamaza. Ni jambo ambalo halikuwahi kutokea, watu wote wale kunisubiri mimi. Mteja alikuwa mlangoni akiuliza bawaba, nikamwambia asubiri kidogo. Ningeweza kusema upo, ni wa kupepetea ulezi, hata mama yangu anaujua, na haina maana kwamba Dadetu ameiba. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Lakini niliwaza watakavyosema kwamba nami ni wale wale, niliwaza utani ukigeuka kuwa kweli, niliwaza kuondolewa. Nikaandika:

"Mimi nimezaliwa huku, mama yangu ni wa kabila hilo. Hakuna wimbo kama huo. Anatafuta kiki."

Kisha nikatuma ufagio, mimi mwenyewe. Baada ya hapo nikampa mteja bawaba zake.

Sikuandika mengi kwenye ukurasa wa yule msichana. Niliandika mara moja tu, kwa akaunti yangu yenye picha ya Dadetu: "Mimi ni wa Sumbawanga na nasema huu ni uongo, usitudhalilishe." Wengine waliandika yaliyobaki. Msichana waliachana naye mapema, wakamwendea bibi. Ule ungo uliwatosha. "Hiyo ndege yao inafanyiwa sevisi." "Bibi anapepeta abiria." Kufika jioni mtu akawa amemkata bibi kwenye video, akambandika juu ya mapaa ya mji usiku, mwezi nyuma yake, amekalia ungo. Picha ilitengenezwa vizuri, rozari iliondolewa. Ilipoingia kwenye grupu niliweka alama tatu za kicheko. Nilikuwa nacheka kweli? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza kichekesho cha ungo hakikuwa changu.

Msichana alifuta video. Tukaandika "pamefagiliwa".

Mwezi ukapita, labda na zaidi kidogo. Siku moja akaja dukani fundi mwashi, mteja wetu wa zamani, mtu wa Mpui. Alikuwa akisubiri baba amalizie kuandika risiti, akatoa simu, akamwonyesha baba kitu.

"Mzee, umeiona hii?"

Baba akavaa miwani, akatazama, akamrudishia simu bila kucheka. "Astaghfirullah. Mtu mzima huyu."

"Ni jirani yetu," fundi akasema. "Huko nyumbani si utani tena. Watoto wakimwona wanakimbia. Na wiki iliyopita mtoto wa nyumba ya pili amefariki, homa tu, lakini watu wameanza kuunganisha mambo. Wanasema mbona hata Dar wanamjua."

Nilikuwa nimeinama kwenye boksi la misumari. Nakumbuka niliihesabu iliyokuwa mkononi mwangu mara kadhaa na sikupata jibu moja. Huku kwetu hakuna mtu asiyejua kinachoweza kumpata kikongwe ambaye jina lake limeanza kutajwa hivyo. Hakihitaji hukumu wala ushahidi. Kinahitaji msiba mmoja na watu wachache wenye hasira.

Fundi alipoondoka niliingia stoo, nikampigia Mkubwa. Nilimweleza yote haraka haraka. Nikamwomba awaambie Wadogo waifute picha, na yule aliyeitengeneza aseme ni ya kutengeneza.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ile ya taratibu, "Mdogo wangu, mtandao ni mtandao. Ukishamwaga huzoi. Kesho watasahau."

"Huku hawasahau, Mkubwa. Huyu bibi atauawa."

"Usikuze mambo. Na tena ni wewe uliyetuambia ni uongo. Sisi tungejuaje?"

Alikuwa amesema kweli.

Nilimwambia mama jioni ile, tulipokuwa tunamenya ndizi. Nilitegemea atanipiga au atalia. Alimenya ndizi yote mpaka mwisho, akaiweka kwenye maji, ndipo akasema, "Ulinisikia nikiimba."

"Ndiyo."

"Uani pale. Ukaniuliza, nikakueleza."

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho tunakwenda Mpui. Baba yako nitamwambia mimi."

Kumpata yule msichana hakukuwa kazi. Mpui kila mtu anamjua fundi wa kike anayeshona sare za shule. Zamani cherehani yake ilikaa barazani. Tulipofika, baraza ilikuwa tupu na mlango umerudishiwa. Mama akapiga hodi kwa Kifipa. Msichana akafungua nusu, akatutazama, akasikia lugha, akafungua wote.

Bibi alikuwa ndani, amekaa karibu na dirisha, miguu imefunikwa blanketi. Nilimpigia goti, nikasema shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mwepesi kabisa. Yeye na mama wakaanza kuulizana habari za koo na za mashamba, wakapata mtu wanayemjua wote kule Mollo, na bibi akacheka kwa raha kama vile hakuna lililotokea. Nilijua kutokana na kicheko kile kwamba hakuelezwa kila kitu. Alijua watu wamemchukia. Hakujua sababu.

Nilimwomba msichana tutoke nje. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani ndogo ya mboga, tukasimama hapo. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani na yote yakapotea. Nikamwambia tu jina la akaunti yangu.

"Yenye picha ya Dadetu," akasema. "Amevaa nguo ya njano."

"Ndiyo, ile."

"Nilikuandikia inboksi."

Nikasema sikuwahi kuuona ujumbe wake.

"Tafuta kwa watu usiowafuata. Upo huko."

Nikatoa simu, nikafungua kisanduku ambacho sikuwa nikikifungua kamwe, kwa sababu kulikuwa na wanaume wasiojulikana na matangazo ya mikopo. Ujumbe wake ulikuwepo. Ulikuwa wa jioni ile ile ya ufagio. Nilisimama mbele yake nikiusoma. Uliandikwa hivi:

"Dada habari. Nimeona umeandika wewe ni wa Sumbawanga, nimefurahi maana wewe utanielewa. Naomba uwaambie wenzako wasimtukane bibi yangu, ni mtu mzima na hajui mambo ya mtandao. Mimi sikusema Dadetu kaiba. Mimi ni shabiki wake, nyimbo zote ninazo. Nilifurahi tu kusikia wimbo wa bibi kwenye redio. Kama nimekosea niambie nifute."

Nilipoinua macho alikuwa anang'oa majani kwenye tuta la mboga, kwa hasira, mengine si magugu.

Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono. "Sikiliza dada. Radhi yako mimi nitaifanyia nini? Leo saa nane kuna kikao kwa mwenyekiti, wanamjadili bibi. Nenda ukawaambie ulichofanya. Waambie kwa mdomo wako."

Nilikwenda. Mama alikuja nami, akakaa nyuma yangu kwenye benchi. Walikuwa watu kumi hivi ofisini, wanaume wengi na wanawake wawili, mwenyekiti, na mtendaji wa kijiji ambaye alikuwa mtu wa Mbeya. Pembeni alikaa baba wa mtoto aliyefariki. Hakuna aliyenionyesha, nilimtambua tu kwa namna alivyokaa.

Nimesimama mbele ya watu mara chache maishani. Nilieleza grupu ni nini. Nilieleza kwamba sisi hatumjui bibi huyu, kwamba tulikuwa tunamtetea msanii, na kwamba picha ilitengenezwa na mtu aliye mbali ambaye hajawahi kufika Ufipa. Nikasema niliulizwa kama wimbo upo, nami nikijua upo nikasema haupo. Mtendaji alinisaidia. Alichukua simu yangu akawaonyesha ile video halisi, ambayo msichana alikuwa bado nayo akanirushia kabla sijaondoka kwao, kisha ile picha, akawaeleza jinsi mtu anavyokatwa huku na kubandikwa kule.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo hapa hakuwa angani."

"Hakuwa angani, baba. Alikuwa uani kwake anapepeta ulezi. Mchana."

"Na wewe ulilipwa nini?"

"Sikulipwa kitu."

Hilo ndilo lililowashangaza zaidi. Waliguna. Mmoja wa wale wanawake akasema kwa masikitiko, akinitazama usoni, "Bure kabisa." Kisha baba wa mtoto akazungumza kwa mara ya kwanza. Hakupaza sauti. Alisema, "Lisemwalo lipo. Kama halipo, laja." Akainuka akatoka, na wawili wakamfuata.

Mwenyekiti alitangaza kwamba ni marufuku mtu yeyote kumgusa bibi au kumtaja vibaya, na mtendaji akasema atakayerusha ile picha tena atafikishwa polisi. Yalikuwa maneno mazuri. Lakini mama, tulipokuwa tunatembea kuelekea barabarani kusubiri gari, aliniambia, "Wale watatu waliotoka ndio wa kuangalia."

Siku ile ile, nikiwa bado Mpui, nilituma voisi kwenye grupu. Nilisema wimbo upo, mama yangu anauimba, niliwadanganya, na bibi wa watu yuko hatarini kwa sababu yetu. Nikawaomba wafute picha popote walipoiweka. Dada wa Omani aliandika, "Ya Allah." Mama wa Mwanza alianza kuandika kitu, niliona anaandika, anaacha, anaandika. Sikukiona. Nilikuwa nimeshaondolewa.

Kesho yake ufagio ukaja kwangu. Kuna watu niliowaingiza mimi mwenyewe kwenye grupu walioandika kwamba nimenunuliwa na watu wa ng'ambo. Waliweka picha yangu niliyowahi kuwatumia siku ya Idi. Waliandika chini ya ukurasa wa duka la baba kwamba tunauza simenti iliyoganda. Baba akaniuliza hawa ni akina nani, nikamwambia walikuwa rafiki zangu. Akanitazama, akafunga ukurasa. Yote waliyoyaandika nilikuwa nayajua kabla hawajayaandika. Mengine niliwafundisha mimi.

Ilidumu siku tano au sita. Sikufa, na sikustahili kulalamika. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nikiamka asubuhi, kidole kikaenda chenyewe pale grupu lilipokuwa, nikitaka kuwasalimu. Niliwachukia na nikawa nawakosa. Sikuwa na mtu wa kumweleza hilo, kwa kuwa ningemwambiaje mama?

Bibi hakukaa Mpui. Baada ya ile siku ya kikao mtu alitupa mawe juu ya bati lao mara mbili, na mara ya pili mtendaji mwenyewe alikuja akalala barazani. Mtoto wake wa kiume anayelima Milepa akaja akamchukua. Milepa ni bondeni, joto tupu, mbu, na watu wa huku juu wakishuka huko huugua. Mama alikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Mimi nilibaki barabarani kwenye gari tulilokodi, kwa sababu msichana alisema nisiingie.

Nilimtumia ujumbe mara kadhaa baadaye. Alijibu kwa ufupi, siku nyingine hakujibu. Mara moja nilimuuliza kama ameweza kunisamehe. Alijibu baada ya siku mbili: "Usiniulize hilo. Uliza habari za bibi." Tangu hapo ninauliza habari za bibi. Hajambo. Macho yanamsumbua. Amepata malaria, amepona. Nikamwomba niende Milepa kumsalimia, akaandika neno moja, "Usije."

Sijaenda. Mama amekwenda mara mbili, amempelekea sukari na shuka. Aliporudi safari ya pili nilimfuata jikoni nikasimama mlangoni nikisubiri. Alivua viatu, akanywa maji, akaniambia bibi anaendelea vizuri ila amekonda.

"Alikuulizia," mama akasema. "Aliuliza yule binti yako mpole, aliyenipigia goti, kwa nini haji."

"Kwani hajaambiwa?"

"Mjukuu wake hajamwambia. Na mimi sikumwambia."

Nikamuuliza alimjibu nini. Mama akasema alimjibu kwamba nipo, ninakaa dukani, kazi ni nyingi. Kisha akaanza kuosha sufuria, nami nikachukua kitambaa nikawa namkaushia.